Mtu wa Lamu, bahari haijawahi kunifanya kitu, ziwa Naivasha limenitapisha. Sababu ni nini hasa?

#1 KijanaWaLangoni
Wanajamvi, salama? Nina swali. Wenye kucheka wacheke kwanza wamalize, ndio tuzungumze.

Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu. Babu baharia, baba baharia, na mimi nilianza kuteka ngama, yale maji yanayojaa chini ya chombo, kabla sijajua kusoma. Nimevuka kwenda Kiwayu kusi limekasirika, nimelala juu ya makuti chombo kikipiga mrama usiku kucha, na sijapata kurudisha hata kikombe cha chai. Likizo hii tumekwenda kwa wakwe, Gilgil. Mashemeji wakaona watufanyie heshima, wakatupeleka Naivasha na kukodi boti, saa moja ya kuzunguka ziwa kutazama viboko na ndege. Maji matamu, mkondo hakuna, ng'ambo waiona. Nusu saa haikufika, nimeinama ubavuni natapika, mashemeji zangu ambao hata kuogelea hawajui wananitazama huku wanatafuna njugu.

Ziwa lina nini ambacho bahari haina? Nataka sababu. Pole nimeshapewa nyingi.

#2 Bi_Mkomani
Nimecheka nimemaliza. Ulikula nini kabla ya kupanda?

#3 MalindiNdioKwetu
Watu wa Amu mnatumaliza kwa majigambo ya bahari, kumbe kiziwa cha bara kinawalaza! Njoo Malindi tukupandishe boti ya kioo pale hifadhini uangalie samaki, mtoto wa chekechea hapati kisunzi. Jibu ni kwamba hukuzoea. Kwisha.

#4 FundiMatondoni
MalindiNdioKwetu, mazoea si jibu. Mashemeji wa Gilgil wana mazoea gani? Mbona wao wametafuna njugu mpaka mwisho?

Tazameni chombo. Mashua yetu ina mkuku, ule uti wa chini unaoshika maji, ina farumi, yaani uzito wa kuituliza, na juu kuna tanga. Tanga likishiba upepo chombo kinalala upande mmoja na kinakaa hapo hapo. Wimbi likija, tanga linaukataa ule mrama, kwa hiyo chombo kinainuka na kushuka lakini hakitikisiki ovyo. Sasa ile boti ya faiba ya ziwani: tako pana, nyepesi, haina mkuku wa maana, haina farumi isipokuwa watu wenyewe, na juu hakuna kitu cha kushika upepo isipokuwa kofia za wageni. Kila kiwimbi kinaitupa na kila kiwimbi kinairudisha. Mimi najenga vyombo na nakwambia usilaumu tumbo lako. Ulipanda sinia.

#5 MamaPacha_Shela
Mimi nilisikia maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hayakubebi vizuri. Ndiyo maana hata kuogelea ziwani kunachosha. Boti inazama zaidi, inayumba zaidi. Si hilo?

#6 KilindiniZamu
MamaPacha, nusu umesema kweli. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, ya maji matamu ni 1,000. Meli ikitoka baharini ikaingia mtoni inazama zaidi, na ubavuni mwa kila meli kubwa kuna mistari ya kupakilia, mmoja wa maji chumvi na mwingine wa maji matamu, huo wa maji matamu uko juu yake. Tunaiona kila siku hapa kazini.

Lakini piga hesabu. Tofauti ni sehemu 25 katika 1,000. Boti inayozama nusu mita itaongeza kama sentimita moja tu. Sentimita moja haimtapishi mtu wa Langoni, labda kama anatafuta kisingizio.

#7 TaifaLaBara
Ni kimo, ndugu zangu. Naivasha iko juu mita 1,880 na ushei, ndilo ziwa la juu kuliko yote ya Bonde la Ufa hapa Kenya. Nyinyi mmezoea kuishi sawasawa na maji. Mkipanda huku juu hewa ni nyepesi, kichwa kinazunguka, na ukiongeza boti umekwisha.

#8 Muuguzi_Mpeketoni
TaifaLaBara, hapana. Ugonjwa wa kimo kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi kwenda juu, tena kwa aliyepanda haraka. Na kijana ametuambia alikuwa Gilgil kwa wakwe, ambako kuko juu kuliko ziwani. Kama ni kimo angetapika sebuleni.

Kitu chenyewe kiko sikioni. Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji na vifuko vyenye majimaji vinavyouambia ubongo kwamba mwili unainuka, unashuka, unageuka. Macho nayo yana habari yake. Sikio likisema tunakwenda na macho yakisema tumetulia, ubongo unachanganyikiwa, na tumbo ndilo linalolipa. Watu ambao sehemu hiyo ya sikio haifanyi kazi kabisa hawapati kichefuchefu cha safari hata bahari iwe vipi. Kwa hiyo kabla ya kulaumu maji, tujue: KijanaWaLangoni, ulikaa wapi, ulitazama nini, na ulikuwa ukifanya nini mikono yako?

#9 KijanaWaLangoni
Shukran kwa majibu. Bi Mkomani, nilikula nyama choma, ugali na kachumbari, na wakwe hawakubali ukatae ya pili.

Muuguzi, nilikaa mbele huku omo, uso nimeuelekeza nyuma ili niwapige picha watoto. Ilikuwa saa tisa alasiri. Boti ya faiba kama alivyosema Fundi, mashini nyuma. Mwenye boti alikwenda mbio mpaka karibu na viboko, akazima. Tukakaa pale kwa muda, tunaelea, watu wanapiga picha. Halafu akapiga mluzi, akarusha samaki, furukombe akatoka juu ya mti akamdaka mbele yetu. Nilichukua video nzima ya furukombe na imetoka safi. Sekunde chache baadaye video inaonyesha sakafu ya boti, na sauti yangu.

#10 MpwaniNairobi
Kesi imefungwa. Simu! Umegeuka kinyume, jicho liko kwenye kioo kidogo, kioo kinamfuata ndege hewani, boti inacheza. Hata mtume wa bahari angetapika. Baharini wewe hupigi picha, unatazama tanga na upeo wa maji. Muuguzi ameshaeleza, macho na sikio vimegombana.

#11 KaskaziMpole
MpwaniNairobi, kesi bado. Mashemeji nao walikuwa wanapiga picha. Kila mtu siku hizi anapiga picha. Mbona yeye tu?

#12 BotiNaivasha
Habari zenu watu wa Pwani. Mimi nabeba watalii hapa ziwani, karibu sana. Naomba niseme kwa niaba ya sinia zetu.

Ziwa hili lina tabia yake. Asubuhi ni kioo, unaona mlima Longonot umesimama kichwa chini majini. Baada ya saa sita mchana upepo unaamka na maji yanachafuka. Ziwa si la kina kirefu, sehemu kubwa hata mita kumi hazifiki, kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi na yamesongamana, moja halijaondoka lingine liko mlangoni. Sisi wenyewe tunajua: mgeni mwenye tumbo jepesi mpeleke asubuhi. Saa tisa ndiyo saa mbaya kuliko zote, lakini ndiyo saa watu wamemaliza kula nyama.

Halafu ile ya kuzima mashini. Kwa kiboko huwezi kukaribia sana, na huwezi kumpigia kelele, kwa hiyo tunazima kwa mbali na kuelea. Boti ikizimwa hainyooki. Inajigeuza ubavu kwa mawimbi yenyewe tu, na hapo inaanza kucheza huku na huku. Nikiona mgeni amenyamaza na amekuwa rangi ya majivu, nawasha, naipa omo mawimbi, anarudi sawa. Aliyewapeleka nyinyi alitakiwa kuona hilo.

Na kwa taarifa tu, samaki wa furukombe tunamtia kipande cha mafunjo ndani ili asizame.

#13 MamaPacha_Shela
Hilo la mafunjo sikulijua! Masikini furukombe analipwa mshahara wa samaki aliyejazwa majani.

#14 MzeeWaTezi
Assalaam alaykum. Nasoma maneno yenu tangu asubuhi. Wanangu mmesema chombo, mmesema sikio, mmesema simu. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa ameshika usukani.

Mtu aliyeshika usukani, au aliyeshika demani, ile kamba ya tanga, au hata anayeteka ngama, mwili wake unalijua wimbi kabla halijafika. Anajitayarisha bila kujua kwamba anajitayarisha. Abiria hana habari, wimbi linamkuta kama mgeni asiyebisha hodi. Nimewaona manahodha wa kweli, watu waliokwenda Mogadishu na kurudi kwa tanga, wakipandishwa boti ya mashini kama abiria kwenda Mokowe, wananyamaza na kutafuta ndimu ya kunusa. Huyu kijana maisha yake yote chomboni ana kazi. Siku ya Naivasha alikuwa mzigo.

Na jambo la pili, ambalo vijana mtalicheka. Kila maji yana wenyewe. Sisi kabla ya kwenda mahali pageni tulikuwa tukitoa salamu na kusoma Fatiha. Sisemi ndiyo sababu. Nauliza tu kama alisoma.

#15 KijanaWaLangoni
Ami, shikamoo. Bismillahi nilisema, Fatiha sikusoma.

#16 MzeeWaTezi
Marahaba mwanangu. Basi.

#17 Muuguzi_Mpeketoni
Mzee amesema jambo zito, na tunaliona hata kwenye gari: dereva hatapiki, anayetapika ni wa kiti cha nyuma. Tena watoto wa kuanzia miaka miwili hadi kumi na miwili hivi ndio wanaosumbuka zaidi, na wale wachanga kabisa ni nadra. Wanawake pia husumbuka kuliko wanaume, kwa wastani. Kwa hiyo, KaskaziMpole, mashemeji kutotapika si ushahidi mkubwa. Watu hatufanani masikio.

#18 MwalimuFizikia_Mld
Naomba kuingilia kwa upole, maana nimeona #4 na #12 wote wamesema mawimbi mafupi ya haraka ndiyo yaliyomtapisha. Inaonekana ni kweli, lakini vipimo vinasema kinyume.

Mwili wa binadamu unachafukwa zaidi na mwendo wa taratibu, wa kupanda na kushuka mara moja katika kila sekunde tano hivi. Ukienda haraka zaidi ya hapo, kama mara moja kila sekunde moja, unachoka na unaumia mgongo, lakini kichefuchefu kinapungua. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda bodaboda kwenye barabara ya mashimo akafika na mifupa imelegea lakini tumbo salama, na huyo huyo akatapika ndani ya basi kubwa la springi laini. Viwimbi vya ziwa la kina kifupi ni vya sekunde mbili, tatu. Kwa hesabu hiyo ziwa lilitakiwa kumsumbua kidogo kuliko mawimbi marefu yanayoingia mlangoni mwa Lamu wakati wa kusi. Sababu itafutwe kwingine.

#19 FundiMatondoni
Mwalimu, na mimi nakuheshimu, lakini hesabu hazipandi boti. Njoo Matondoni nikuweke juu ya faiba saa tisa, nizime mashini, halafu utaniambia sekunde ngapi.

#20 MalindiNdioKwetu
Mwalimu wetu wa Malindi huyo, mwacheni. Kwetu watu wanajua bahari. Nani alimpa Vasco da Gama rubani mwaka 1498 akafika India? Si Malindi?

#21 Bi_Mkomani
Na mpaka leo tunalipa hasara ya rubani huyo. Kaa kimya kidogo, mwanangu.

#22 KilindiniZamu
Bi Mkomani umeniua 😂

Lakini nina neno la kuwapatanisha Fundi na Mwalimu. Sekunde unazohesabu ukiwa ufukweni si zile unazozipata ndani ya boti. Ukiyakabili mawimbi, unakutana nayo haraka haraka. Ukienda nayo upande mmoja, yanakufikia polepole, maana unayakimbia. Wimbi la sekunde tatu, ukilikimbia kwa mwendo unaokaribiana na wake, linaweza kukuinua na kukushusha kwa sekunde tano, sita, saba. Yaani pale pale pabaya pa Mwalimu. Sasa KijanaWaLangoni, mlipokuwa mnakwenda mbio kuelekea kwa viboko, upepo ulikuwa usoni au mgongoni?

#23 KijanaWaLangoni
Mgongoni mwa boti. Nakumbuka kwa sababu moshi wa mashini ulikuwa unatufuata mpaka mbele.

#24 MpwaniNairobi
MOSHI. Jamani. Petroli imechanganywa na oili, upepo unaileta usoni, tumbo lina nyama na kachumbari. Mnatafuta sekunde za nini?

#25 KaskaziMpole
Saa moja iliyopita ulisema ni simu na kesi imefungwa.

#26 MpwaniNairobi
Nimefungua faili lingine.

#27 BotiNaivasha
Moshi ni kweli kwa mashini za zamani. Hizi mpya zinazokuja zina moshi mdogo. Lakini KilindiniZamu amenigusa. Ukweli ni kwamba wageni wengi hawaanzi kuugua tukiwa tumezima. Wanaanza tukiwa tunakwenda na upepo, wananyamaza, na tukizima ndipo inatoka. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

#28 KijanaWaLangoni
Hivyo hivyo. Jasho lilianza njiani, tena jasho baridi. Nikafikiri ni kachumbari.

#29 MwalimuFizikia_Mld
KilindiniZamu, hoja yako ni nzuri na inakubalika kwenye karatasi. Ila kuna shida: mwendo wa boti ya kwenda mbio ni mkubwa kuliko wa viwimbi vidogo. Boti inavipita, haivikimbii tu. Ikivipita inaanza tena kuvikuta upya, kutokea mgongoni mwake. Inategemea alikuwa anakwenda kasi gani, na hilo hatuna.

#30 KilindiniZamu
Ndiyo, inategemea. BotiNaivasha, ukibeba familia unakwenda mwendo gani?

#31 BotiNaivasha
Inategemea na waliolipa. 😄 Familia yenye watoto polepole. Tena siku hizi huwezi kukimbia kila mahali, maji yamepanda sana. Tangu 2020 ziwa limeingia mitaani, Kihoto watu walihama nyumba zao. Kuna sehemu unapita juu ya palipokuwa malisho, migunga imekufa imesimama ndani ya maji, na magogo mengine huyaoni. Nahodha asiyejua anaweza kupasua boti.

#32 BintiWaOzi
Wacha niwaongezee kesi, maana naona mnazunguka palepale. Mimi ni wa Ozi, kule Tana inakoingia baharini. Viboko kwetu si utalii, ni majirani wabaya. Tunapanda mitumbwi mtoni tangu utoto. Nilipokwenda Kisumu nikapanda boti ya kuzunguka pale Dunga jioni, upepo umetoka, mawimbi ya kutosha, sikupata chochote. Mwaka uliofuata nikapanda dau Lamu kwenda Takwa kutazama magofu, maji yametulia kama yamelala, nikatapika mpaka nikaomba wanishushe kwenye mikoko. Kwa hiyo kinyume cha kijana. Ziwa limenipokea, bahari imenikataa. Elezeni na hiyo.

#33 MamaPacha_Shela
Ulikula nini?

#34 BintiWaOzi
Sikula kitu, nilikuwa nimefunga Sunna ya Alhamisi.

#35 Muuguzi_Mpeketoni
Tumbo tupu nalo si salama, watu wengi hawajui hilo. Kinachofaa ni kula kitu chepesi: mkate mkavu, ndizi. Ila ukiwa umefunga, basi tena.

Kesi ya BintiWaOzi inaonyesha kwamba mazoea ya maji hayahamishiki kirahisi. Mwili unazoea mwendo ule ule uliolelewa nao. Baharia wa meli kubwa akishushwa kwenye kiboti kidogo anaweza kuugua kama mgeni. Mwenye mtumbwi wa mtoni anaujua mtumbwi wa mtoni. Na kuna wengine hawazoei kabisa: Nelson, yule admirali wa jeshi la majini la Uingereza aliyeuawa Trafalgar mwaka 1805, aliandika mwenyewe katika barua kwamba bahari ikichafuka anaugua, na alikuwa amekaa baharini tangu utoto.

#36 MalindiNdioKwetu
Kumbe #3 nilisema kweli! Hukuzoea! Nilisema tangu mwanzo!

#37 FundiMatondoni
Ulisema hajazoea maji. Muuguzi anasema hajazoea *chombo*. Hicho ndicho nilichosema mimi #4.

#38 MzeeWaTezi
Na abiria kutokuwa na kazi, hilo mmelisahau.

#39 TaifaLaBara
Na hakuna aliyezungumzia barabara. Walitoka Gilgil kwa gari. Kama walipita njia ya ndani ya vumbi, wamejazana kwenye kigari, watoto magotini, huyo mtu alifika ziwani tayari nusu mgonjwa.

#40 KijanaWaLangoni
Ni lami tupu, na nilikaa mbele. Shemeji ananiheshimu.

#41 Bi_Mkomani
Alikuheshimu mpaka saa tisa alasiri.

#42 TaifaLaBara
😂😂 Uzi umekwisha kwangu.

#43 KaskaziMpole
Mimi nauliza upande mwingine. Dawa? Maana likizo ya Desemba wakwe wangu nao wako Nakuru na najua nitapelekwa. Tangawizi inafanya kazi au ni maneno ya bibi?

#44 Muuguzi_Mpeketoni
Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu, wengine haiwafanyii lolote. Kwa wengi haina madhara, tafuna. Ndimu ya kunusa vilevile. Vidonge vipo kwa mfamasia, vinamezwa kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kuugua, na vingi vinaleta usingizi, kwa hiyo usiendeshe gari ukirudi. Mjamzito na mwenye dawa nyingine aulize kwanza. Kaa katikati ya boti kuelekea nyuma kidogo, usikae omo kabisa maana huko ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Tazama mbele, mbali, ukingo wa ng'ambo. Simu mfukoni.

#45 BotiNaivasha
Na vaeni maboya jamani. Watu wa Pwani ndio wabishi kuliko wote, "mimi najua kuogelea". Unajua kuogelea bahari ya uvuguvugu. Haya maji ni baridi, yana magugu yanayoshika miguu, na yana kiboko. Asiyevaa haondoki na mimi.

#46 MamaPacha_Shela
Mimi bado nataka kujua kwa nini watu wa Lamu mnakwenda mpaka Naivasha kutafuta ziwa na viboko. Si kuna ziwa Kenyatta hapo Mpeketoni, kaunti yetu hii hii?

#47 Muuguzi_Mpeketoni
Lipo, na viboko wapo. Lakini ukame ukikaza linapungua mpaka viboko wanabaki kwenye tope, na wengine wanakufa. Si la kwenda kutembeza boti kila msimu. Ukija baada ya mvua njoo nikuonyeshe, ni zuri, na hakuna atakayekutoza kwa saa.

#48 MpwaniNairobi
Naivasha zamani zilitua hata ndege za majini, kuanzia 1937, zikitoka Uingereza kwenda Afrika Kusini. Sasa fikiria abiria amekaa siku kadhaa angani, anatua majini saa tisa alasiri, upepo umeamka. Nani aliwapa tangawizi hao?

#49 MwalimuFizikia_Mld
Kila mtu ana jambo lake hapa. Mimi narudi kwenye swali. Mpaka sasa tuna: chombo kisicho na tanga, upepo wa mchana, kuzimwa kwa mashini, simu, moshi, nyama, kukaa kinyume, kutokuwa na kazi. Njia pekee ni KijanaWaLangoni arudi na kubadilisha kimoja kimoja. Aende saa hiyo hiyo, boti hiyo hiyo, bila simu. Halafu tena na simu, bila nyama.

#50 KijanaWaLangoni
Mwalimu, kila jaribio nilipie boti, na mashemeji watazame?

#51 BotiNaivasha
Mimi nakuunga mkono mwalimu. Majaribio ni muhimu kwa elimu. Nitampa bei ya mwenyeji, na nitamwachia usukani tuone kama mzee yuko sawa.

#52 MzeeWaTezi
Mwachie. Lakini asikaribie viboko, hajui adabu zao.

#53 BintiWaOzi
Na kesi yangu je? Imeachwa njiani.

#54 FundiMatondoni
Dau ulilopanda kwenda Takwa lilikuwa na tanga au mashini? Maana ule mlango wa mikoko wanaingia na mashini wakivizia maji yajae, na siku hizi madau mengi tanga ni la picha tu.

#55 BintiWaOzi
Tanga lilikuwa limekunjwa. Upepo haukuwepo. Mashini ilikuwa inanguruma tezi, huko nyuma, nami nimekaa karibu nayo.

#56 MpwaniNairobi
Moshi!!

#57 FundiMatondoni
Tanga limekunjwa!!

#58 KaskaziMpole
Sasa nielezeni hili. Mimi nikipanda treni ya SGR kutoka Mombasa, nikikaa kiti kinachoelekea Nairobi niko sawa. Nikikaa kile kinachotazama Mombasa, kabla ya Voi nimeshatafuta mfuko. Hakuna wimbi, hakuna moshi, hakuna farumi. Ni nini hicho?

#59 MwalimuFizikia_Mld
Hapo ndipo ninapotaka kusema kuhusu #9, kwamba kukaa kinyume…

#60 Msimamizi
Mambo ya SGR yapelekwe jukwaa la Usafiri. Uzi huu ubaki wa majini. MpwaniNairobi, punguza alama za mshangao.